Maji Kwenye Wiski ya Baba

Jumamosi, 3 Juni

Mama ameondoka. Hakubamiza mlango. Angebamiza ningejua ni hasira, na hasira hupoa. Aliufunga taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Upande wake wa kabati umebaki na hanga tupu zinazogongana.

Amekwenda kwa dada yake, Mama Mkubwa, upande wa pili wa mji. Ujumbe ameniachia mimi. Katika nyumba hii mimi ndiye bomba: kila kitu hupita kwangu na hakuna anayeniuliza kama nina kiu. Nimwambie Baba kwamba siku atakayoiacha chupa, yeye atarudi. Si kesho yake. Siku hiyohiyo.

Nilikusudia kumfikishia Baba neno kwa neno. Nikasimama mlangoni mwa sebule. Baba na Baba Mdogo walikuwa wamekaa, chupa katikati yao kama mgeni rasmi. Wanabishana. Juu ya nini? Mke aliyeondoka? Thubutu! Juu ya kama wiski inywewe na maji au bila maji.

Baba Mdogo aliwahi kufanya kazi hotelini. Alikuwa akibeba mizigo, ila ukimsikiliza utadhani hoteli ilikuwa yake. Anasema wiski bila maji ni ushamba. Matone machache yanaifungua, inatoa harufu, kama ardhi kavu ikipata manyunyu. Baba akasema nenda zako. Baba ni mchora mabango, kwa hiyo kwake mambo yote ya dunia ni rangi. Akasema rangi nzuri haiongezwi tina ya kuifanya nyepesi. Ukimwona fundi anailainisha rangi yake kila saa, ujue ana kopo moja na kuta mbili. Baba Mdogo akasema ndiyo maana mabango ya Kaka hayakauki. Baba akasema heri bango lisilokauka kuliko mdomo usiokauka. Wakacheka mpaka wakakohoa. Halafu Baba akakitazama kiti cha Mama.

Sasa! Nikafungua mdomo. Nikasema, "Shikamooni." Ambayo nilishaisema asubuhi. Nikarudi chumbani.

Nina lugha mbili, ya nyumbani na ya shule. Zote mbili napata alama nzuri. "Baba, acha" ni maneno mawili tu, na sijaweza kuyasema kwa lugha hata moja.

Lakini nina mpango.

Jumapili, 4 Juni

Mpango ni huu. Kama chupa haitoki ndani ya nyumba, basi wiski itoke ndani ya chupa. Kidogo kidogo. Kila siku napunguza wiski, naongeza maji kiasi kilekile. Ulimi wa Baba utazoea bila kujua. Mwisho wa yote atakuwa anakunywa maji ya bomba kwa mbwembwe zake zilezile, Mama atarudi, na hakuna atakayelazimika kumwambia mwenzake neno lolote. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukimwaga vilevile. Sijui kwa nini waliotunga methali waliishia katikati.

Mwalimu wetu wa kemia ana jina la heshima la kazi hii, la lugha ya shule, refu, la kuvaliwa koti jeupe. Kwa lugha ya nyumbani ni kuchakachua. Nimeamua kazi hii niifikirie kwa lugha ya shule.

Nimeifanya mchana, Baba akiwa karakanani. Wiski niliyoipunguza nimeimwaga kwenye ua la Mama, lile la chungu dirishani. Kuimwaga kwenye sinki niliogopa harufu. Samahani, ua.

Nikaishika chupa kwenye mwanga. Mungu wangu! Imepauka. Asubuhi ilikuwa kama asali. Sasa ni kama kitu unachompelekea daktari kwenye kichupa. Na Baba ni mtu anayepata riziki kwa kutazama rangi!

Nimeokolewa na taa ya sebule, ambayo iliungua na hakuna aliyebadilisha. Baba amekunywa kwenye giza la jioni, mguu juu ya kiti cha Mama. Kisha akauondoa mguu, akapangusa kiti kwa kiganja.

Jumatatu, 5 Juni

Leo nimefanya kazi ya ufundi. Naandika hivi kwa sababu hakuna mwingine wa kunisifu.

Baba alinifundisha kulinganisha rangi tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu. Ananipa kipande cha bango la zamani, anasema, haya, irudishe. Basi nachanganya juu ya kisahani cheupe mpaka rangi ya kisahani na ya bango zisijuane ipi mtoto ipi mama. Leo nimechukua kisahani hichohicho. Kwanza chai ya rangi. Ikatoka nzito, ya matope. Kisha sukari ya kuunguza. Hiyo ilitoka na dhahabu nzuri, ila sufuria imekufa. Nimeificha chini ya kitanda. Nikachanganya viwili hivyo, tone kwa tone, nikilinganisha na wiski niliyobakiza kwenye kizibo. Chupa ikarudi kuwa asali. Ningeweza kulia.

Baba ana lawama moja tu juu ya rangi zangu. Kila ninachochanganya, hata kijani cha majani, kinatoka kama kimeona haya. Ananitazama, anatikisa kichwa: "Wekundu umezidi kidogo, Kobe." Kobe ni mimi. Nikiulizwa swali kichwa huingia ndani.

Lakini leo hapana. Leo ilikuwa sawasawa kabisa.

Baba alirudi jua likiwa bado dirishani. Akajimiminia. Akainua glasi kwenye mwanga. Akaizungusha. Akaitazama, akaitazama. Mimi jikoni, nakata kitunguu nilichokwisha kukikata. Akanywa. Akakaa. Hakusema kitu.

Hakusema kitu! Ushindi!

Jumanne, 6 Juni

Nilimsahau Baba Mdogo. Mtu anayeongeza maji kwenye wiski. Kwenye wiski yangu, ambayo imeshakunywa maji kabla yake!

Akapiga funda. Akakunja uso. Akasema hii si wiski, haya ni maji yaliyosimuliwa habari za wiski. Akanusa glasi, akanusa chupa, akaninusa mimi niliyekuwa napita na sahani. Kisha akatoa hukumu: Muuza Vinywaji wa pale kona anachakachua. Neno hilohilo, kwa lugha ya nyumbani. Likanichoma.

Baba akasema kwa sauti ya chini aliache jambo hilo, huenda ni ndimi zao tu zimezeeka. Baba Mdogo akasema mwenzake labda, yeye ulimi wake umefunzwa hotelini. Akasimama. Akavaa ndala, moja yake, moja ya Baba.

Nilikuwa na muda wa kutosha kusema "Ni mimi." Maneno mawili tena. Kichwa kikaingia ndani.

Mtaa mzima umesikia. Mwizi wa maji! Muuza povu! Na yule mzee hupanga hata soda kwa kuzielekeza lebo upande mmoja, na tangu nikiwa mdogo hunipa peremende bila kuniuliza shule inaendaje, maana anajua sipendi kuulizwa. Alijibu mara moja tu. Chupa zake zinakuja zimefungwa na zinaondoka zimefungwa, na kama bwana anataka maji, bomba lile pale, halina mlinzi.

Baba Mdogo alirudi akasema ameshinda. Mshindi harudi na ndala moja.

Alhamisi, 8 Juni

Jana sikuandika. Nilikuwa nafikiri. Leo nimetenda.

Hoja yangu: Baba Mdogo akiacha kuongeza maji yake, hatayaonja yangu. Ni lazima abadili dini. Lakini Baba Mdogo hamsikilizi mtu. Anasikiliza kitu kimoja tu: kitabu cha lugha ya shule. Yeye lugha hiyo aliifuata mpaka kwenye kurasa za picha, akashuka.

Nikamkuta barazani. Nikafungua kitabu cha jiografia, ukurasa wa mvua. Nikamwambia nimekutana na jambo la kitaalamu kuhusu wiski. Akasema soma basi, Msomi. Nikasoma kwa sauti sentensi mbili za mvua za vuli kwa lugha ya shule, halafu nikazitafsiri: wajuzi wakubwa kabisa hawaongezi maji, kwani maji huivunja heshima, na ni dalili ya mtu ambaye hakuzoea mahali pazuri. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine, mwongo lakini jasiri.

Akaomba nimwoneshe mstari wenyewe. Nikamwonesha. Akaugusa kwa kidole, akatikisa kichwa kwa majonzi. Kumbe hotelini walikuwa wakimdanganya!

Jioni akaingia anahubiri. Maji ni ya kunawia miguu. Rangi nzuri haiongezwi tina, akasema, kana kwamba ni yeye aliyeyabuni maneno hayo. Nami namsubiri Baba amuunge mkono, maana huo ndio msimamo wake wa miaka yote.

Baba akasema amelifikiria hilo jambo. Akasema huenda mdogo wake alikuwa na haki tangu mwanzo. Akavuta jagi, akamimina maji mpaka nusu ya glasi. Maji juu ya maji yangu! Nilitaka kupiga makofi.

Wamebishana mpaka chakula kikapoa. Baba anasema matone yanaifungua. Baba Mdogo anasema fundi wa kopo moja na kuta mbili. Wamebadilishana viti, wamebadilishana maneno, wamebakiza kelele tu. Mimi peke yangu ndiye niliyeona.

Wakati anamimina, Baba alinitazama. Muda mrefu kidogo. Nikadhani anataka nimjazie jagi. Nikalijaza.

Ijumaa, 9 Juni

Nimempigia Mama. Nimemwambia Baba anaongeza maji, kwa mkono wake mwenyewe, bila kulazimishwa. Na ni kweli! Sikumbuki mara ya mwisho niliposema kweli nikajisikia hivi.

Nikasikia cherehani ya Mama Mkubwa nyuma yake. Kisha akauliza kama Baba anakula. Akauliza nani anamwagilia ua lake. Nikasema linamwagiliwa kila siku. (Majani yake yamekuwa ya kahawia. Sikutaja rangi.) Akasema atakuja Jumapili aone kwa macho yake. Hakusema atarudi. Alisema atakuja. Lakini mtu haulizi habari za ua la nyumba asiyoitaka. Nimefua foronya ya mto wake, nimeianika mahali penye jua.

Ningeishia hapo. Laiti ningeishia hapo.

Baada ya shule nilipita karakanani. Baba ana kazi kubwa, bango la Mwoka Mikate, la kukabidhiwa kesho. Lilikuwa limesimamishwa ukutani, buluu kwa njano, na Baba juu ya ngazi. Feni inazunguka, naye anatiririka jasho. Ameshika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Brashi inagusa ubao kama mtu anayebisha hodi asikotakiwa.

Mkono unatetemeka. Baba! Ambaye huchora duara bila kufuatisha bangili!

Nilidhani wiski ikipungua mkono utatulia. Kwa akili za kawaida ndivyo. Mwalimu wa kemia hakutuambia kwamba kuna vitu ukivipunguza vinalipiza.

Baba akasema ni joto. Akaniomba nishike ngazi. Nikaishika kwa nguvu zangu zote. Ngazi haikuwa inatikisika. Kilichokuwa kinatikisika kilikuwa juu ya ngazi, na huko mikono yangu haifiki.

Jumamosi, 10 Juni

Mwoka Mikate alikuja asubuhi. Akasimama mbele ya bango. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, akitafuta upande ambao herufi zingekaa wima. M ilikuwa imepiga magoti. K ilikuwa inaegemea A kama mlevi na rafiki yake.

Angefoka ingekuwa nafuu. Alikuwa mpole. Akasema anamheshimu Baba, wamejuana siku nyingi, lakini watu wakiona bango hili watadhani mikate nayo imeokwa hivyo. Ataangalia fundi mwingine. Akampiga Baba begani, begani kulikuwa na rangi mbichi, akaondoka anajifuta kiganja kwa leso nyuma ya mgongo ili Baba asione.

Baba aliona.

Akasafisha brashi zake zote. Akazipanga kwa ukubwa. Kisha akatoka kwenda dukani, na nilijua anakwenda kufuata nini. Nikamfuata kwa mwendo wa jina langu.

Muuza Vinywaji hakuinuka. Akasema hauzii ukoo huu hata kiberiti. Mtu hawezi kuitwa mwizi wa maji mbele ya wateja siku ya Jumanne, halafu Jumamosi akaulizwa bei. Baba hakubishana. Alisimama pale, mkono unaotetemeka mfukoni, akamwomba radhi kwa niaba ya mdogo wake.

Kwa niaba ya MDOGO wake.

Mimi nilikuwa nyuma ya makreti ya soda. Mwenye kosa, hatua chache tu kutoka kwa anayeliombea radhi. Kichwa kilikuwa kimeingia ndani kiasi kwamba sijui kama kitatoka tena.

Nyumbani akachukua chupa yangu. Sasa ni chupa yangu kuliko yake. Akanywa glasi bila jagi, akatetemeka. Akajifunika blanketi mchana kweupe. Nikampelekea chai. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akaniambia ahsante, Kobe. Hakuna aliyewahi kunishukuru kwa sauti ile, na hakuna shukrani nisiyoistahili kama ile.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kesho Mama anakuja. Nitayaoga.

Jumapili, 11 Juni

Mama alipiga hodi. Kwake mwenyewe! Alileta machungwa kwenye mfuko, kama mgeni.

Cha kwanza akaliendea ua. Akaligusa. Majani yakabaki mkononi mwake. Akainama, akanusa udongo. Akanusa tena. Mimi nilidhani nitakamatwa na rangi, au ladha, au Baba Mdogo. Nimekamatwa na udongo.

Akaingia sebuleni. Baba kajikunja kwenye blanketi, meno yanagongana, anajaribu kusimama kumpokea mke wake, anashindwa. Mama akaishika chupa. Akafungua, akanusa, akamimina kidogo kwenye kiganja, akaonja.

Akasema hii ni chai.

Halafu sauti yake ikapanda. Akamuuliza Baba ni mchezo gani huu. Amevuka mji mzima aje kuoneshwa chai ndani ya chupa, ili aamini? Wiski wanayamwagia maua, chai wanamwekea yeye? Anamwona yeye ni mtoto?

Hapo ndipo ilipokuwa zamu yangu. Nilisimama. Nikafungua mdomo. Lugha zote mbili zikanitazama, kila moja inaisubiri nyingine ianze.

Baba akaanza kabla yangu. Akasema si yeye. Ni Kobe. Akasema amejua tangu Jumatatu, alipoinua glasi dirishani.

"Wekundu umezidi kidogo," akasema, na akatabasamu, katikati ya kutetemeka kule.

Akamwambia Mama kwamba mkono wa mtu kwenye rangi ni kama sauti yake. Hata angekuwa gizani angejua ni mimi niliyemwita. Akasema aliona haya kunizuia. Akataka aone kama ninaweza kumfikisha mahali pa kuacha. Ndiyo maana akaanza kuongeza maji mwenyewe, ili anipunguzie safari. Lakini hakuweza kufika. Mwili umekataa, na bango la Mwoka Mikate nalo limekwenda.

Nililia kwa kwikwi, kitu ambacho hakina lugha.

Na ndipo Baba Mdogo alipoingia! Hakuona machozi, hakuona blanketi, aliona chupa imefunguliwa. Akajimiminia. Akafumba macho. Akatangaza kwamba kwa miaka mingi hajanywa wiski nzuri kama hii, na mnaona sasa, bila maji mtu anaipata tofauti. Akamkaribisha shemeji. Mama akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake siku nyingi. Kilianza kama kicheko, kisha katikati kikageuka kitu kingine, akajifuta uso kwa mkono.

Baadaye akaongea taratibu. Baba Mdogo ampeleke Baba zahanati kesho asubuhi, daktari amwone, maana kuacha kwa namna hii peke yake kunaweza kumuua. Baba akakubali, macho sakafuni. Kisha Mama akanigeukia mimi. Nikafungashe nguo.

Akasema mtoto hawezi kuwa kizibo cha chupa ya baba yake.

Nikamtazama Baba akatae. Nilimtazama kwa nguvu. Akasema niende. Akasema kuacha ni kazi yake, nami nimekuwa nikimnyang'anya kazi yake. Hakuna fundi anayemtanguliza mwanafunzi juu ya ngazi na yeye akabaki chini ameshika. Akanipa brashi nyembamba, ile ya kumalizia ncha za herufi. Ikatikisika mpaka ilipofika mkononi mwangu.

Kwa hiyo: nilipanga mpango wa kumrudisha Mama nyumbani, na aliyetoka nyumbani ni mimi. Hata mimi naona kwamba matokeo yamekwenda kinyume kidogo.

Tulipopita kona nilimwona Muuza Vinywaji. Nilikusudia kumwambia kila kitu. Nikamwambia, "Shikamoo." Akanipa peremende. Bado ninayo. Haiwezekani kuliwa.

Alhamisi, 15 Juni

Kwa Mama Mkubwa. Nalala chumba cha cherehani, na pini zinanipata popote nikanyagapo. Mama Mkubwa huniuliza maswali na kuyajibu mwenyewe, kwa hiyo tunaelewana.

Baba Mdogo hutuletea habari kwa simu. Jumatatu Baba alikwenda zahanati, akapewa dawa. Jumanne alikwenda. Jana hakwenda, alijifungia karakanani, na haijulikani alikuwa na nani humo, yaani chupa au brashi. Baba Mdogo akaongeza kwamba ile wiski nzuri imekwisha, na amezunguka mji mzima hajapata nyingine ya ladha ile.

Leo mchana Baba akapiga mwenyewe. Mama akaiona simu inaita, akanipa mimi. Akasimama kando yangu, mikono kifuani, akasema nimwambie hivi, vilevile, nisiongeze na nisipunguze: amechoka. Asipige tena hapa mpaka amekwenda kwa daktari bila kukosa. Na asiniulize mimi habari zake yeye. Kisha akatoka uani, akaanza kuzianua nguo ambazo hazijakauka.

Baba akauliza, anasemaje.

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nyuma yake nilisikia hanga za kabati zinagongana. Nikayashika maneno ya Mama mdomoni. Yalikuwa makali. Yalikuwa matupu, bila tone la maji. Mtu aliye katika hali ile hawezi kunywa kitu kama kile.

Basi nikapunguza kidogo. Nikaongeza kidogo.

Nikasema Mama amechoka leo, kazi za cherehani. Nikasema anauliza kama unakula. Anasema uende kwa daktari, halafu upige, atafurahi. Nikasema anataka kujua kama mto wake bado upo upande wa dirisha. Nikasema usiku amekutaja.

Nikatazama kama simu imekatika.

"Kobe."

"Naam, Baba."

"Wekundu umezidi kidogo."

Hakuwa na hasira. Akasema hata hivyo kesho atakwenda kwa daktari. Akasema foronya ni safi, ameiona. Akakata.

Mama akarudi na nguo mbichi mikononi, akauliza amejibu nini. Nikamtazama. Naye alikuwa na kiu, ila hakuomba. Nikamwambia Baba amesema anakusalimu sana, na mkono umeanza kutulia.

Akakaa kwenye kiti cha cherehani. Akauliza, amesema hivyo kweli? Nikasema ndiyo.

Nimelifikiria jambo hili jioni yote, kwa lugha zote mbili. Mpango wenyewe hauna kasoro. Kosa ni vipimo tu. Kesho nitapunguza wekundu.